Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Mtu akifa, kitu cha kwanza kutafutwa ni simu. Fundi aliikuta ya kwake chini ya mto wa marehemu, pale alipoiweka asubuhi ili isitumbukie kwenye beseni, akaishika kwa mkono uliokuwa bado una uji. Mama mkwe wake alikuwa amekata roho muda mfupi tu uliopita, mdomo wazi, uso kaugeuzia mlangoni. Alikuwa ameugeuzia huko tangu alfajiri. Kila mlango ulipolia aliuliza, "Ni yeye?" na Fundi akajibu, "Siyo yeye, mama, ni upepo," au "Ni jirani tu, mama," na mgonjwa akaanza upya kumwita binti yake, kwa jina la utotoni ambalo hata Fundi hakuruhusiwa kulitumia. Aliita kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha midomo ikawa inacheza tu bila neno.

Binti mwenyewe, mke wa Fundi, alikuwa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, anavuta kamba.

Siyo utani. Kila mwaka kunakuwa na Michezo ya Taifa ya Ridhaa, michezo ya watu wasiolipwa chochote kwa kucheza. Matarishi wanakimbia, walimu wanarushiana netiboli, makarani wanapiga drafti utadhani wanagombea urithi. Hospitali ilikuwa imepeleka timu ya kamba ya wanawake wanane, wote wa chumba cha kufulia, watu wenye mikono iliyozoea kukamua mablanketi. Mke wa Fundi ndiye aliyekaa mwisho. Wenzake saba wanashika kamba kwa viganja tu. Yeye inampita kwapani, inamzunguka mgongoni, inashukia begani, na timu ikiburutwa, wenzake wanaweza kuachia lakini yeye haimtoki kirahisi. Walimwita Nanga, na jina likamganda mpaka sokoni.

Mama yake hakuupenda mchezo huo hata siku moja. "Mwanamke na kamba wapi na wapi?" alikuwa akisema. "Kamba ni ya kufungia mbuzi." Nanga alikuwa akicheka, anamgeuza upande wa pili asipate vidonda, anamwambia, "Hao mbuzi ninaowavuta mimi, mama, ungewaona ungekimbia."

Mwaka huu kamba haikuwa mchezo tena. Afisa utumishi alishuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasimama kati ya mashine na kuinua suruali isilowe. "Mkileta kombe," alisema, "wote wanane mnaandikwa kazi ya kudumu." Nanga alikuwa kibarua tangu mtoto wao wa kwanza hajaota meno. Kibarua akiugua hana lake. Akifiwa hana lake. Kazi ya kudumu ina likizo, ina pensheni, na kilichomtoa machozi zaidi, ina bima ya matibabu inayomhesabu na mzazi. Alirudi nyumbani siku ile akamwambia mama yake, "Mama, utatibiwa kama mke wa waziri." Mama akauliza kama mke wa waziri naye hulazwa kwenye kitanda cha mbao kama chake.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na mkoba begani, haendi, harudi. Mumewe ndiye aliyemsukuma.

"Nenda. Mama nitamtunza mimi."

"Akibadilika hata kidogo unipigie simu. Hata kidogo tu, mume wangu."

"Nitakupigia."

"Uniapie."

"Haki ya Mungu tena."

Sasa alikuwa na simu mkononi na maiti kitandani. Akapiga.

"Shemeji!" Haikuwa sauti ya mkewe. Ilikuwa ya Kocha, ambaye kazini ndiye msimamizi wa wafuaji. "Usihangaike, simu zao zote ninazo mimi kwenye mfuko. Mambo ya simu yanawatoa watu akilini. Umesikia lakini? Tumeingia fainali! Keshokutwa asubuhi! Mkeo kawaburuta wale wanawake wa magereza, wewe, nyasi zimeng'oka!"

"Kocha, mama amefariki."

Kule kulisikika filimbi na watu wakipiga kelele za mazoezi.

"Mama yupi?"

"Mama yake. Sasa hivi."

"La haula." Kocha alishusha sauti, bila shaka amesogea pembeni. "Pole sana, shemeji. Pole sana kwa kweli. Nimwite?"

Fundi aliuliza, "Akiondoka leo inakuwaje?"

"Akiondoka ndiyo basi. Yule wa akiba goti limemvimba tangu juzi. Saba hawaruhusiwi kuvuta, ni wanane au mrudi kwenu. Lakini mimi sisemi kitu, shemeji. Mama ni mama. Wewe ndiye mwenye mke. Nimwite au nisimwite?"

Fundi alimtazama marehemu. Alifikiri juu ya ile bima ambayo sasa isingemfaa huyu, lakini watoto wangeumwa siku moja, na Nanga mwenyewe angezeeka na mgongo wa kukamua mablanketi. Alifikiri pia, na hili alilificha hata kwake mwenyewe, kwamba angelazimika kumwambia mkewe kwa mdomo wake kwamba mama alibadilika tangu alfajiri naye hakupiga. Asubuhi ile alikuwa amejiambia ni homa tu, itapita. Alijiambia hivyo mpaka alasiri.

"Usimwite," alisema. "Akimaliza."

"Una hakika?"

"Kocha, usimwambie mtu."

"Haki ya Mungu tena," alisema Kocha.

*

Kabla jua halijazama nyumba ilijaa. Watoto walipelekwa kwa jirani. Mjomba, kaka wa marehemu, mtu mnene mwenye kikohozi kikavu, alifika na kukalia kiti pekee cha nyumba hiyo chenye mgongo. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alifikia sakafuni na kulia mpaka kilemba kikamtoka. Walipotulia kidogo, Mjomba alitazama huku na huku kama mtu aliyepungukiwa na kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwenye michezo, mjomba," alisema Fundi.

"Najua yuko kwenye michezo. Nauliza yuko njiani amefika wapi?"

Fundi ni fundi viatu. Maisha yake yote amekaa chini akiangalia miguu ya watu, na sasa aliiangalia tena, ndala, makubazi, viatu vya Mjomba vilivyoliwa kisigino upande mmoja.

"Hajaambiwa."

"Hajafanyaje?"

"Fainali ni keshokutwa. Akija leo, kazi ya kudumu imekwenda. Siyo yake peke yake, ni ya wanawake wanane."

"Sikiliza, bwana," alisema Mjomba, akakohoa. "Dada yangu alizaa mtoto mmoja. Mmoja! Hakuzaa wa kumzika na wa kuvuta kamba. Na kesho tunazika, siwezi kumweka dada yangu kwenye majokofu eti anasubiri kombe. Kwa hiyo unaniambia mtoto wa pekee asimzike mama yake? Wewe ni nani wa kuamua hilo? Wewe si mkwe tu?"

Neno lile "mkwe tu" lilimchoma. Miezi yote hiyo ni yeye na mkewe waliombeba yule mama kumpeleka chooni. Huyu bwana mnene alikuja mara mbili, zote mbili wakati wa chakula. Fundi alifungua mdomo kusema hayo, kikatoka kitu kingine kabisa.

"Siyo mimi niliyeamua. Ni mama mwenyewe."

"Mama mwenyewe?"

"Alisema." Sauti ilikuwa yake lakini alihisi kama anamsikiliza mtu mwingine. "Kabla hajafariki aliniambia, 'Mwacheni mwanangu avute. Msimsumbue mpaka amalize.'"

Mama mdogo aliinua uso uliolowa. "Dada alisema hivyo? Huyu huyu dada? Aliyekuwa akisema kamba ni ya kufungia mbuzi?"

"Alisema hivyo, mama mdogo."

"Jamani!" Mama mdogo alijipiga mapajani, akaanza kulia upya, lakini kilio hiki kilikuwa na utamu ndani yake. "Jamani, mzazi! Mzazi ni mzazi! Yuko kitandani anakata roho anamfikiria mwanawe!"

Mjomba alitikisa kichwa muda mrefu. Na yeye macho yakamlowa. Usia wa marehemu hauna rufaa. Alichoweza kusema ni, "Basi. Kama ni neno lake, basi," na tangu hapo hakumwita Fundi mkwe tu, alimwita baba.

Uongo ukishatoka hauli kwako tena, unakula kwa watu. Usiku ule neno lilizunguka wafiwa. Asubuhi makaburini jirani mmoja alimweleza mwenzake, Fundi akisikia, kwamba marehemu aliketi kitandani, yeye ambaye hakuketi tangu mwaka jana, akaomba maji, akanawa, ndipo akasema. Mwingine akasema aliongeza, "Na walete kombe nilione." Mpaka mchanga unarudishwa, marehemu alikuwa ametoa hotuba nzima. Fundi alishika koleo kwa zamu yake, akatupia udongo, akampa mwingine. Alikuwa mtu pekee pale aliyejua kwamba chini ya ule udongo kuna mtu aliyeuliza siku nzima, "Ni yeye?"

Alipomaliza kunawa mikono alimwambia Mjomba, "Nakwenda kumfuata. Asipewe habari na mtu wa njiani."

"Vizuri, baba," alisema Mjomba. "Ndivyo mwanaume afanyavyo."

*

Alifika asubuhi ya fainali, shingo imekakamaa kwa kulala kwenye kiti cha basi, nguo ni zile zile alizozikia. Geti la uwanja lilikuwa na mlinzi kijana mwenye kofia kubwa kuliko kichwa.

"Kadi?"

"Sina kadi. Mke wangu anacheza."

"Kila mtu hapa mke wake anacheza, mzee. Watazamaji ni geti lile, watafungua saa nne."

"Fainali ya kamba ni saa tatu."

"Ndiyo hivyo sasa."

Fundi aliona wanariadha wakipita na makoti ya rangi moja, waamuzi, wapishi wamebeba masufuria. Kila mtu alikuwa na kitu kimening'inia shingoni isipokuwa yeye. "Mimi ni fundi viatu wa timu ya hospitali," alisema. "Kiatu kimoja kimeachia soli. Nikichelewa wanapigwa wanawake wa watu."

Mlinzi alimtazama vidole, vyeusi kwa gundi na rangi. "Zana ziko wapi?"

"Ndani."

"Pita, mzee. Lakini ukitoka usiseme umepitia kwangu."

Hiyo nayo akaihesabu pamoja na uongo mwingine. Alijipenyeza nyuma ya watu waliozunguka kiwanja cha kamba, akasimama nyuma ya jamaa wawili warefu, akamwona mkewe. Alikuwa mwisho kabisa wa mstari, anachezesha shingo, amevaa zile buti alizomshonea yeye mwenyewe, kisigino cha mpira wa tairi. Alikuwa anatabasamu. Alimchapa mwenzake wa mbele kofi la mgongoni, akasema kitu cha kuchekesha. Mwenzake hakucheka. Alijifuta uso kwa bega.

Fundi aliwatazama wavutaji mmoja mmoja. Yule mrefu wa mbele, kapteni, alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Wa tatu alikuwa akitazama nyasi. Hakuna aliyegeuka nyuma kumtazama Nanga, na wanawake hawa walikuwa na desturi, kabla ya kuvuta, wote saba kugeuka na kumpigia kelele, "Nanga!" naye akajibu, "Ipo!" Leo hakuna aliyegeuka. Nanga alisubiri, akaona haiji, akainua mabega.

Kocha alikuwa amesema. Bila shaka alimwambia kapteni peke yake, kwa nia njema, ili amlinde. Na kapteni akamwambia mmoja peke yake, kwa uchungu. Na katika chumba cha shule walimolala wote kwenye magodoro ya sakafuni, usiku kucha wanawake saba walimsikiliza wa nane akikoroma bila habari.

"Shikeni!" alisema mwamuzi. "Kazeni!" Kamba ikanyooka. "Vuteni!"

Mvuto wa kwanza ulikwisha kabla watazamaji hawajapata sauti. Upande wa pili walikuwa wanawake wa posta, siyo wakubwa, Fundi aliwaona siyo wakubwa hata kidogo. Timu ya hospitali ilikwenda mbele kama watu wanaosukumwa kwenye foleni. Nanga aligeuka huku na huku, amechanganyikiwa.

"Nini nyie? Hamjala?"

Inavutwa mara tatu, kwa hiyo wa pili ungekuwa wa mwisho wakipoteza. "Vuteni!" na Nanga akazika visigino, akalala nyuma mpaka mgongo ukakaribia kugusa ardhi, mishipa ya shingo imemtoka. Kwa muda kamba haikwenda popote. Ilikuwa imesimama kwa mtu mmoja. Fundi alijikuta anasema kwa sauti, "Vuteni naye! Vuteni naye jamani!" na wale jamaa warefu wakageuka kumtazama. Mbele, kapteni alikuwa ameshika kamba na analia waziwazi, mikono haina nguvu. Visigino vya mpira vikaanza kukata mitaro kwenye nyasi. Saba wakaachia. Nanga hakuachia. Alianguka kifudifudi na kamba imemzunguka, akaburutwa peke yake mpaka filimbi ilipopulizwa.

Watu walishangilia, wengine walicheka. Aliinuka na nyasi mdomoni, akazitema, akaja juu.

"Mmelogwa?" alipiga kelele. "Si mniambie kama mmelogwa! Kazi ya kudumu ile mmeiachia kama mmeshika nyoka! Mimi nimemwacha mama yangu mgonjwa kitandani, mama ambaye hawezi hata kujigeuza, nimekuja kuvuta na watu waliolala?"

Kapteni alikaa chini palepale akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Wengine wakaangua kilio. Nanga aliwatazama, hasira bado iko usoni lakini imesimama, haijui iende wapi. Na alipogeuka kumtafuta Kocha amuulize, alimwona mume wake.

"We!" alisema. Alitembea mpaka kwake, anahema. "Umekuja saa ngapi? Umefuata nini huku?" Kisha akamtazama vizuri, nguo zile, udongo uliokauka kwenye pindo la suruali. Akauliza polepole, "Mama umemwacha na nani?"

Fundi akaanza kumkung'uta nyasi begani.

"Nakuuliza. Mama umemwacha na nani?"

*

Walirudi kwa basi la hospitali, Nanga dirishani, wenzake wamejibana nyuma hakuna anayethubutu kukohoa. Afisa utumishi alikuwa amempigia Kocha simu na kusema maneno mafupi. Kocha aliyapitisha kwa timu akiwa amesimama kwenye ngazi ya basi, kwamba tutaona mwakani. Njia nzima Nanga alisema mambo mawili tu. La kwanza, "Mmezika?" Fundi akasema, "Jana." La pili lilikuja mbali sana, wakati Fundi alidhani amelala. "Na uliniapia."

Fundi alimkubalia hasira yote. Angeikubali mwaka mzima. Hata nyumbani, mbele za watu, alipomwambia Mjomba, "Huyu asikae karibu yangu," Fundi alitoka akaenda kukaa uani na wanaume bila kunung'unika.

Ila ndani kulikuwa na mama mdogo, naye alikuwa na neno la kumpa mfiwa. Alimkumbatia, akamlaza kifuani, akamwambia yote: marehemu alivyoketi, alivyonawa, alivyosema. "Alikuruhusu, mwanangu. Mama yako alikuruhusu. Alisema mwacheni mwanangu avute."

Nanga alijinasua akamtazama. "Nani kasema?"

"Mama yako!"

"Mama? Kamba?"

"Ndiyo hiyo kamba!"

Fundi alikuwa mlangoni na birika la maji. Aliuona uso wa mkewe ukifunguka. Aliwahi kuuona hivyo mara moja tu, walipozaa mtoto wa kwanza. Miaka yote Nanga alicheka mama yake alipomsema, na kumbe ilikuwa inamuuma. Kumbe kila alipokwenda mazoezini alikuwa anakwenda na aibu ndogo mgongoni. Alilia kwa mara ya kwanza tangu uwanjani, akalia vizuri, kilio cha kumpumzisha mtu. Waliokuwepo walimshukuru Mungu.

Siku zilizofuata alilishika neno lile. Mgeni akija, akisema pole, Nanga alimwambia, "Sikumzika, lakini aliniruhusu." Wenzake wa kamba walikuja wakiwa wamejikunyata, tayari kupigwa, aliwakaribisha, akawaambia, "Mama alituruhusu, nyie ndio mkashindwa," na wakacheka wote wakilia. Alianza kula. Mchana mmoja, wageni wakiwa sebuleni, alimfuata Fundi katika chumba cha marehemu, alikokuwa anafungua zile mbao za kitanda. Akasimama nyuma yake.

"Mume wangu."

Fundi aliweka chini nyundo. Hakuitwa hivyo tangu siku ya kuondoka.

"Nilikulaani moyoni kule kwenye basi," alisema Nanga. "Nilikuwa sijui. Nilidhani umeamua wewe, kumbe ulibeba neno la mama, na wewe ukakaa kimya ukaimeza hasira yangu bila kujitetea." Alimshika mkono ule mweusi wa gundi. "Ahsante kwa kumsikiliza. Ahsante kwa kuwa naye."

Hasira aliiweza. Hii hakuiweza. Aliutoa mkono wake.

"Usinishukuru."

"Kwa nini?"

"Hakusema."

"Hakusema nini?"

"Hakusema lile neno. Mjomba alinibana, nikalisema mimi." Ilikuwa inatoka sasa, haizuiliki. "Alibadilika tangu alfajiri. Nikajipa moyo, nikasema itapita. Sikukupigia mpaka alipokwisha."

Sebuleni mtu alikuwa anagawa chai, vikombe vinagongana. Nanga hakupiga kelele. Alikaa kwenye mbao zilizobaki, mikono imeangukia mapajani.

"Basi alisema nini?"

"Alikuita."

"Aliniita vipi?"

Fundi alilitaja lile jina la utotoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka, na alipolitamka Nanga alifumba macho.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alipochoka."

Fundi alisubiri apigwe, afukuzwe, aambiwe chochote. Hatimaye Nanga aliinuka, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaenda sebuleni akakaa kati ya wageni. Fundi alimfuata akaishia mlangoni. Alikuwepo mama mmoja aliyefika siku hiyo kutoka mbali, hajui kitu, na mama mdogo alikuwa ameshaanza kumsimulia, marehemu alivyoketi, alivyoomba maji. Yule mgeni alishika kifua.

"Kweli alisema hivyo, mwanangu?"

"Ndivyo alivyosema," alijibu Nanga. Sauti yake ilikuwa imara kabisa. "Lakini mimi sikuwepo. Muulizeni mume wangu, yeye ndiye aliyekuwepo. Mwambie, baba watoto. Mwambie mgeni mama alivyosema."

Wakageuka wote kumtazama mlangoni, mgeni, mama mdogo, Mjomba, wakisubiri kwa macho ya upole. Na Fundi ikambidi aseme tena, "Alisema, mwacheni mwanangu avute."